Wikendi Mombasa kutoka Thika: Treni Siyo Tatizo, Tatizo ni Ncha Mbili

Wiki hii tuache lugha za programu na simu mpya. Nataka tuzungumze juu ya kupanga safari ya wikendi katika mji mkuu wa kihistoria. Usicheke, ni jambo la kiteknolojia kabisa, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Ukiuliza intaneti swali hilo, utapewa Dublin kabla hujapewa Mombasa. Kurasa za "saa 48 Dublin" hazihesabiki. Zinakueleza utashuka wapi, utapanda basi gani, utalipa kwa kadi ipi, utaona nini asubuhi na utakula wapi jioni. Sina ugomvi na Dublin. Ila mtu wa Ruiru anayeisoma kurasa hiyo anahitaji viza ya Ayalandi kwanza, na kwa kuwa nchi hiyo haimo katika Schengen, hata mwenye viza ya Schengen haimfungulii mlango huo. Na hapa kwetu tunao mji wetu uliowahi kuwa makao makuu, hauhitaji viza, na treni inafika.

Wengine wamesahau kwamba Mombasa ilikuwa makao makuu. Waingereza walipotangaza eneo lao la ulinzi la Afrika Mashariki mwaka 1895, utawala ulikaa Mombasa. Mwaka 1905 makao yakahamishiwa Nairobi, mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1899 tu. Kwa hiyo tunayeiita "Mombasa raha" ni mama mkwe wa Nairobi, na anastahili kutembelewa kwa heshima, si kwa ajili ya bahari peke yake.

Hoja yangu basi ni hii. Sisi wa Thika na Ruiru tunapangiwa safari na watu wanaoanza kuhesabu wakiwa Syokimau. Safari ya wikendi kwenda Mombasa haianzii Syokimau. Inaanzia mlangoni pako, Makongeni au Ngoingwa au Membley au Kihunguro, na kinachoamua kama wikendi itakuwa tamu au chungu si treni. Ni vile vipande vidogo visivyo na ratiba, kabla ya treni na baada yake. Vipande hivyo havimo kwenye programu yoyote ya safari, na kutokuwamo kwake kunatugharimu pesa taslimu.

Hebu tuhesabu

Hizi ni namba ninazozitumia mimi kupangia, si takwimu rasmi za mtu. Chukua mtu wa Thika anayekwenda Mji wa Kale, Mombasa, kwa treni ya moja kwa moja ya alasiri:

1. Nyumbani hadi stejini: dakika 15
2. Matatu, Thika hadi katikati ya Nairobi: dakika 75
3. Kutembea na kubadilisha steji: dakika 20
4. Katikati ya Nairobi hadi Syokimau: dakika 50
5. Ukaguzi wa mizigo na kusubiri stesheni: dakika 60
6. Treni, Syokimau hadi Miritini: dakika 300
7. Miritini hadi Mji wa Kale: dakika 45

Jumla ni dakika 565, yaani saa 9 na dakika 25. Treni yenyewe ni dakika 300. Zilizobaki, dakika 265, ni za ncha mbili. Karibu nusu ya safari yako haiko ndani ya treni!

Tuliosoma sayansi ya kompyuta tunalijua jambo hili kwa jina. Mwaka 1967 Gene Amdahl, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alieleza kwamba ukiongeza kasi ya sehemu moja tu ya kazi, faida ya jumla inabanwa na sehemu ambazo hukuzigusa. Yeye alikuwa akizungumzia tarakilishi zenye vichakato vingi, lakini kanuni yake haijui tofauti kati ya tarakilishi na matatu. Tuseme kesho wanaleta treni yenye kasi mara mbili. Dakika 300 zinakuwa 150. Safari yako nzima inashuka kutoka 565 hadi 415. Treni imekuwa na kasi mara mbili, lakini wewe umeokoa robo tu na kidogo. Na hata kama treni ingetumia dakika sifuri, mtu wa Thika bado angetumia saa 4 na dakika 25 njiani.

"Basi nitapanda ndege," utasema. Sawa, tuhesabu pia. Mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta weka dakika 160 zile zile. Kusubiri na kukaguliwa, 90. Kuruka, 60. Kutoka nje, 15. Kuingia Mji wa Kale, 40. Jumla 365. Ndege ina kasi mara tano kuliko treni katika kile kipande cha kati, lakini safari nzima haikukaribia hata kuwa na kasi mara mbili. Kati ya dakika 365 umekaa hewani 60 tu. Nyingine zote umekuwa katika foleni ya aina moja au nyingine. Hapo ndipo unapogundua unalipia nini hasa.

Reli ya zamani ilijua kitu kimoja

Sitaki nionekane kama napinga Madaraka Express. Ilipoanza kubeba abiria mwezi Juni 2017, ilibadilisha safari ya Mombasa kwa watu wengi, mimi nikiwamo, na nani anataka kurudia usiku mzima barabarani? Lakini tazama umbo la kile ilichokirithi. Reli ya zamani ilikuwa ya polepole: ulipanda jioni, ukafika asubuhi kama Mungu akipenda. Ila ilianzia katikati ya Nairobi, mahali ambapo mtu aliyeshuka matatu ya Thika angefika kwa miguu, na iliishia kisiwani Mombasa, si mbali na Mji wa Kale. Kipande cha kati kilikuwa kirefu, ncha zilikuwa fupi.

Reli mpya imefanya kinyume. Kipande cha kati kimekuwa kifupi sana, na ncha zimerefuka: Syokimau upande huu, Miritini bara upande ule. Kwa mtu wa Kilimani mwenye gari, bado amepata faida kubwa. Kwa mtu wa Thika asiye na gari, sehemu ya faida hiyo imerudi kwenye steji. Hili si lawama kwa wahandisi wa reli, kwa sababu reli pana haiingii kirahisi katikati ya mji uliokwisha kujengwa. Ni ukumbusho tu kwamba ukijenga kipande cha kati na ukaacha ncha zijitegemee, hujamaliza kazi.

Na sisi wa upande huu hatuko wachache. Sensa ya 2019 iliiweka Ruiru kati ya miji mikubwa kabisa nchini. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na tangu hapo nyumba zimefuata lami. Hawa wote wakitaka kwenda Pwani, wanaanza safari na tatizo lile lile.

Tatizo kubwa si wastani, ni mtawanyiko

Sasa tuingie ndani zaidi. Zile dakika 75 za Thika hadi Nairobi ni wastani. Alfajiri ya Jumapili zinaweza kuwa chini ya saa moja. Asubuhi ya siku ya kazi, au mvua ikinyesha, acha tu. Matatu pia haiondoki saa fulani, inaondoka ikijaa. Ukiwa abiria wa kwanza kuingia gari, umeingia chumba cha kusubiri chenye magurudumu, na makanga akikwambia "tunatoka sasa hivi," hilo ni tangazo la matumaini.

Tuseme una miunganiko minne kabla ya kukaa kwenye kiti cha treni, na kila mmoja unakwenda kama ulivyopanga mara 9 katika 10. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini 0.9 mara 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.656. Yaani safari moja kati ya tatu, kitu fulani kitakwenda mrama. Kwa safari ya kwenda kazini si neno, utafika umechelewa uombe msamaha. Kwa treni, mambo ni tofauti. Treni ina saa yake na haikusubiri.

Na gharama yake si ya mchezo. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na mtoto wa kati ya miaka 3 na 11 hulipiwa nusu. Baba, mama na watoto wawili ni 4,500 kwenda, 9,000 kwenda na kurudi. Familia inayoweka akiba miezi kadhaa kwa ajili ya wikendi moja ya kuwaonyesha watoto Fort Jesus haina nafasi ya kutupa 4,500 kwa sababu ya mvua ya Roysambu. Ndiyo maana nasema hili si suala la starehe. Ni suala la nani anaruhusiwa kuiona historia ya nchi yake bila kuwa na gari.

Ninavyopanga mimi

Sheria ya kwanza: weka akiba ya muda mahali pamoja. Wengi huongeza dakika kumi hapa na kumi pale, kisha zote zinaliwa bila kujua. Weka akiba yote mbele ya kile kitu chenye saa isiyobadilika, yaani treni. Mimi naongeza saa nzima na nusu juu ya hesabu, kisha nabeba kitabu. Wahenga walisema akiba haiozi, na kukaa stesheni saa moja ukisoma ni bei nafuu kuliko tiketi mpya.

Sheria ya pili: punguza miunganiko kabla ya kupunguza dakika. Mtu wa Ruiru anaweza kukata kona kwa barabara ya Eastern Bypass: kutoka Kamakis hadi Cabanas, halafu Syokimau, bila kugusa katikati ya Nairobi. Kwa hesabu yangu anaokoa kama dakika 35. Mtu wa Thika akishuka hapo Bypass kuunganisha, anaokoa dakika 20 tu, pengine hata chini ya hapo. Lakini kwa wote wawili faida kubwa ni kwamba hawavuki mji na mabegi na watoto wakitafuta steji nyingine. Anayepitia mjini naye ana silaha yake: kutoka stesheni kuu ya Nairobi ipo treni ya mjini inayokwenda Syokimau kuunganisha na Madaraka Express. Kipande chenye ratiba siku zote ni bora kuliko kisicho na ratiba, hata kama kwenye karatasi vinatumia dakika sawa.

Sheria ya tatu: chagua treni kwa kuangalia ncha, si kwa kuangalia treni. Ya saa nne usiku inaonekana tamu kwa mtu wa kazi, kwa sababu huombi ruhusa. Lakini inakushusha Miritini kabla ya alfajiri, vyumba vya wageni havijafunguliwa, na Jumamosi yako nzima unatembea kama mgonjwa. Mwili wako pia ni sehemu ya mfumo. Ile ya asubuhi, saa mbili, inasimama vituo vingi njiani (Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vinginevyo) na inamtaka mtu wa Thika atoke nyumbani usiku wa giza. Mimi nachagua ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa. Naomba ruhusa siku moja, natoka Thika kabla ya saa nne asubuhi, nafika Mombasa usiku wa mapema, nalala kama binadamu. Jumapili narudi na ya saa tisa. Hiyo inanipa siku moja na nusu ya Mombasa, na kwa Mji wa Kale inatosha.

Ukishafika: panga kwa ujirani

Hapa ndipo zile orodha za "mambo kumi ya lazima" zinapokosea. Zinapanga vitu kwa umaarufu: kimoja Nyali, kimoja kisiwani, kimoja ng'ambo ya feri ya Likoni, kisha turudi kisiwani. Mwanaprogramu yeyote anajua kwamba data inayotumika pamoja iwekwe pamoja, la sivyo mashine inashinda ikikimbia huku na huko badala ya kufanya kazi. Wikendi nayo ni hivyo hivyo. Siku moja na nusu, mtaa mmoja. Nyali na Likoni ziachie safari nyingine.

Na Mji wa Kale unakubali kupangwa hivyo, kwa sababu ni mdogo na kila kitu ni cha miguu. Anza na Fort Jesus mapema, jua halijakaza. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 wakaiteka Desemba 1698, miezi 33 ya kuzingirwa. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Fikiria: mwaka ule ule Mombasa ilipofanywa makao makuu, ngome yake ilifanywa jela. Hakuna ukurasa wa "saa 48" utakaokwambia ukae na wazo hilo dakika tano, lakini mimi nakwambia.

Dublin nayo ina mfano wake. Kasri la Dublin lilikuwa makao ya utawala wa Waingereza mpaka tarehe 16 Januari 1922, lilipokabidhiwa kwa Michael Collins na wenzake. Mgeni wa Dublin huoneshwa mahali hapo kama kiini cha hadithi ya nchi. Sisi tunapita Fort Jesus tukipiga picha ya mzinga kisha tunauliza pwani iko wapi.

Kutoka ngomeni ingia Ndia Kuu. Hapa nina dokezo la kiteknolojia: ukitafuta "Njia Kuu" kwenye ramani ya simu huenda usipate kitu, kwa sababu Kimvita husema ndia, si njia. Jina la barabara limehifadhi lugha ya wenyeji, na mashine ya kutafuta haijui kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Tembea polepole utazame milango iliyochongwa na roshani za mbao. Ipo posta ya zamani, upo msikiti wa Mandhry, na karibu na bandari ya kale ipo nyumba ya Leven, iliyopewa jina la meli HMS Leven. Mwaka 1824 nahodha wake, William Owen, alitangaza ulinzi wa Uingereza juu ya Mombasa, na ulinzi huo ukadumu miaka miwili tu. Huo ulikuwa kama toleo la majaribio la ukoloni, lililofutwa na kurudi miaka sabini baadaye.

Saa sita mchana jua likiwa kali, usishindane nalo. Kaa kivulini, kula. Mbaazi na mahamri ni za asubuhi, viazi karai ni za jioni, kahawa chungu ni ya wakati wowote kuna wazee wa kukaa nao. Jioni pitia soko la Mackinnon, ambalo wenyeji wanaliita Marikiti, ununue achari na viungo vya kupeleka nyumbani. Jina hilo la Kiingereza limebaki kutoka enzi za ukoloni. Hata kununua bizari ni somo la historia! Na ukiwa vichochoroni, weka simu mfukoni, uulize watu. Kuta ndefu na njia nyembamba zinauchanganya mtambo wa kutambua mahali, lakini mzee wa Kibokoni hachanganyikiwi. Salimia kwanza, vaa kwa heshima, usipige picha ya mtu bila ruhusa.

Tunachoweza kudai

Sasa nirudi kwenye ncha. Je, Dublin imetushinda kwa reli? Hapana. Uwanja wa ndege wa Dublin hauna reli ya kuuunganisha na mji, watu wanapanda basi. Tofauti ni kwamba basi hilo linajulikana. Mamlaka ya uchukuzi ya Ayalandi inachapisha ratiba zake kama data huria, yeyote akazichukua akatengeneza programu. Ndiyo maana kurasa za Dublin ni nzuri. Waandishi wake si werevu kuliko sisi, ila wana data.

Kiwango kinachotumika kuandika data hiyo kinaitwa GTFS. Kilizaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la mabasi na treni la TriMet la Portland, Marekani. Ni faili chache za maandishi zilizobanwa pamoja: vituo, njia, saa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzifungua. Na Kenya haikuwa nyuma. Mradi wa Digital Matatus uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Columbia na MIT pamoja na kampuni ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu za kawaida, wakarekodi njia zaidi ya 130, na mwaka 2014 ramani ikatoka. Mwaka 2015 data hiyo ikaingia kwenye ramani za Google. Dunia ilitusifu. Lakini data ya uchukuzi ni kama maziwa, isipohudumiwa inaharibika. Steji zinahamishwa, sacco zinavunjika, njia zinabadilika.

Najua utasema: matatu haina ratiba, utachapisha nini? Jibu ni kwamba hatuhitaji saa kamili. Kiwango chenyewe kina nafasi ya kueleza gari linapatikana kila baada ya dakika ngapi. Mimi naomba vitu vinne tu kwa kila njia: gari la kwanza, gari la mwisho, muda wa kusubiri kwa kila kipindi cha siku, na steji ilipo. Hicho cha pili ndicho kikubwa. Treni ya Jumapili ikikushusha Syokimau saa mbili usiku na watoto wamelala begani, swali si nauli. Swali ni kama gari la Thika bado lipo, na kama lipo, liko steji ipi. Mwenye gari hana haja ya jibu. Mama asiye na gari anaulipia ujinga huo kwa teksi, au anaacha safari kabisa.

Utasema tena: programu za ramani tayari zinaonyesha msongamano. Ndiyo, zinajua gari likitembea litachukua muda gani. Hazijui gari litakaa stejini muda gani likisubiri watu wanne wa mwisho.

Na usiniambie sekta ya matatu haipangiki. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zililazimisha mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, na njia ya gari kuandikwa ubavuni. Kabla ya hapo watu waliapa haiwezekani. Ule mstari wa njano wenye majina ya njia ulikuwa data ya umma ya kwanza ya matatu zetu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. NTSA inatoa leseni kwa njia, kwa hiyo orodha ya njia ipo mahali fulani kwenye seva. Kazi iliyobaki ni kuifungua na kuiongezea yale mambo manne.

Nasi wanaprogramu tuache kusubiri. Hatuhitaji programu nyingine ya kukata tiketi, zipo tele. Tuna JKUAT hapo Juja, tuna Mount Kenya University hapa Thika. Wanafunzi wa muhula mmoja wakipanda matatu za Thika, Juja, Ruiru na Eastern Bypass wakiwa na simu zao, wakaandika saa na steji, wakaziweka kwenye OpenStreetMap, watakuwa wamefanya kazi yenye faida kuliko miradi mingi ya mwisho wa mwaka inayoishia kabatini. Kisha warudie muhula unaofuata, kwa sababu kazi ni kuihudumia.

Mpaka siku hiyo, panga kwa mkono. Hesabu mlango hadi mlango, weka akiba mbele ya treni, punguza miunganiko, na ukifika Mombasa kaa mtaa mmoja uujue vizuri. Mji uliozingirwa miezi 33 hauwezi kusomwa kwa kukimbia.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hesabu tofauti na yangu, hasa wa Gatundu na Kenol ambao ncha zao ni ndefu kuliko zetu, alete.